Nani alikuwa chumbani? Namna albamu ya mwisho ya Simon na Garfunkel ilivyotengenezwa

Cheza wimbo wa tano wa albamu ya Bridge over Troubled Water, ule unaoitwa "So Long, Frank Lloyd Wright", na muziki ukianza kufifia ongeza sauti. Nyuma kabisa, kama mtu aliye chumba cha pili, kuna mwanamume anapiga kelele kumuaga Artie. Artie ni Art Garfunkel, na sekunde chache kabla ya hapo ndiye aliyekuwa akiimba. Anayepiga kelele ni Roy Halee, fundi sauti wao na prodyuza mwenza.

Garfunkel aliwahi kusomea usanifu wa majengo chuoni, na yeye ndiye aliyeomba atungiwe wimbo wa msanifu Frank Lloyd Wright. Paul Simon hakuwa na habari nyingi za msanifu huyo. Alichofanya ni kulichukua jina na kuandika kwaheri ya mwenzake, kisha akampa mwenzake huyohuyo aiimbe. Albamu ilitoka tarehe 26 Januari 1970 chini ya Columbia Records. Baada ya hapo wawili hao hawakutoa tena albamu ya studio.

Watu wengi huizungumzia kama kilele cha ushirikiano wao. Kwa mauzo na tuzo ni kweli: ilikaa namba moja Marekani kwa wiki 10, na Machi 1971 yenyewe na wimbo wake mkuu zilibeba tuzo 6 za Grammy, ikiwemo ya albamu ya mwaka na ya ufundi wa kurekodi. Lakini ukiufuatilia wimbo mmoja mmoja na kuuliza nani hasa alikuwa chumbani ulipokuwa unarekodiwa, picha inabadilika. Mmoja yuko, mwingine yuko Mexico. Waimbaji wako New York, wapigaji wako Los Angeles au Nashville. Kuna wimbo ambao wapigaji wake walikwisha kurekodi na kwenda zao miaka kadhaa kabla haujaandikwa. Kinachowaunganisha wote ni tepu, na bila kuielewa tepu hiyo huwezi kuelewa namna watu wawili waliokuwa wanaachana walivyotoa kazi inayosikika kama pumzi moja.

Tepu na traki

Utangulizi mfupi kwa aliyezaliwa na kompyuta. Studio za mwishoni mwa miaka ya 1960 zilirekodi kwenye utepe wa sumaku. Mashine ya traki 8 ilitumia utepe wenye upana wa inchi 1, yaani milimita 25.4, uliogawanywa kwa urefu kuwa njia nane, kila njia kama milimita 3 ukihesabu na mpaka kati yake na jirani yake. Kila njia hurekodiwa peke yake. Leo unaweka gitaa kwenye ya kwanza, kesho besi kwenye ya pili huku ukiisikiliza ya kwanza kwenye hedifoni, mwezi ujao sauti kwenye ya tatu. Mpiga gitaa na mwimbaji si lazima wajuane kwa sura.

Shida huanza traki zinapojaa. Dawa ya kawaida ilikuwa kuzichanganya traki nne au tano, kuzimwaga kwenye moja, kisha kuzifuta zile za mwanzo upate nafasi. Dawa hiyo ina madhara mawili. La kwanza ni kwamba uamuzi haurudi nyuma: ukishamwaga ngoma na besi pamoja, huwezi tena kuipunguza besi peke yake. La pili ni uvumi, ule mchakacho wa chini kwa chini wa tepu. Kila nakala ya tepu huongeza mchakacho wake juu ya ule wa nakala iliyotangulia. Nakala ya kwanza peke yake huweza kupandisha uvumi kwa kama desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na nyuzi za juu za gitaa na matoazi huanza kupoteza makali.

Halee alilijua hilo vizuri, na kwenye "The Boxer" hakutaka kuumwaga. Huu ndio wimbo wa kwanza wa albamu kuanza kurekodiwa, Novemba 1968, na peke yake ulikula zaidi ya saa 100 za studio. Gitaa la Fred Carter Jr. lilirekodiwa Nashville pamoja na la Simon, na harmonika ya besi ni ya Charlie McCoy, naye mtu wa Nashville. Sehemu nyingine zilirekodiwa kwenye studio za Columbia jijini New York, na nyingine kwenye kanisa la St. Paul's Chapel lililo ndani ya Chuo Kikuu cha Columbia. (Columbia ya kampuni ya muziki na Columbia ya chuo ni vitu viwili tofauti, ingawa Garfunkel alikuwa na uhusiano na vyote: kimoja kilimwajiri, kingine kilimsomesha.) Lile solo la katikati linalosikika kama ala moja isiyo na jina ni ala mbili zinazopiga noti zilezile: gitaa la pedali, linalopigwa likiwa limelazwa, na tarumbeta ndogo ya pikolo. Sikiliza mwanzo wa kila noti. Tarumbeta ndiyo inayogonga mlango, gitaa linafuata likiburuta mkia.

Traki 8 hazikutosha. Halee akaziunganisha mashine mbili za traki 8 zikimbie pamoja. Kwa maneno ni jambo jepesi, kwa vitendo ni balaa. Mashine mbili za tepu hazina kasi moja hata zikitoka kiwanda kimoja, na utepe nao hunyooka kadiri unavyochezwa. Chukua tofauti ndogo ya asilimia 0.1. Wimbo huu una zaidi kidogo ya dakika 5. Ikiwa mashine zimeanza pamoja sawasawa, mwishoni zitakuwa zimepishana kwa sekunde 0.3, na sikio la mtu wa kawaida hulalamika mapema sana kabla ya hapo: kwanza sauti inakuwa nene, kisha inakuwa kama mbili, kisha kiitikio kinagongana na ngoma. Unasimamisha, unarudisha, unaanza upya. Ukijumlisha na safari za Nashville, zile saa 100 hazishangazi tena.

Ngoma kwenye korido

Mlio unaokumbukwa zaidi kwenye "The Boxer" ni ule wa ngoma unaolipuka kwenye kiitikio, kama mtu amefunga mlango wa chuma ghalani. Hal Blaine, mpiga ngoma wa Los Angeles aliyekuwa kwenye rekodi nyingi sana za miaka ile, aliwekewa ngoma zake kwenye korido mbele ya lifti, nje kabisa ya chumba cha kurekodia. Maikrofoni zikafuatana naye huko. Blaine mwenyewe alisimulia kwamba katikati ya kupiga, mlango wa lifti ulifunguka na mlinzi mzee akajikuta uso kwa uso na kishindo hicho.

Kwa nini lifti? Chumba cha studio hujengwa kwa makusudi kinyonye sauti. Shimo la lifti ni kinyume chake: kuta ngumu, nafasi nyembamba na ndefu kwenda juu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Shimo likiwa na urefu wa mita 20, kishindo kinapanda na kurudi baada ya kama sekunde 0.12, kisha kinapanda tena kikiwa kimepungua nguvu. Mwangwi wa namna hiyo hauigiziki kwa chemba ya studio, kile chumba kitupu cha kutengenezea mwangwi, kwa sababu chemba hutoa ukungu laini na shimo hutoa vipigo vinavyohesabika. Ukitaka kujaribu nyumbani, piga kofi moja chumbani kwenye kapeti, kisha nenda ukapige kwenye ngazi za ghorofa. Tofauti utakayoisikia ndiyo hiyo.

Yale "lie-la-lie" ya kiitikio hayakupangwa kuwa fumbo. Simon aliyaweka kushika nafasi mpaka apate maneno. Maneno hayakuja, na kishindo cha Blaine kikaifanya nafasi tupu isihitaji kitu kingine.

Aliyekwenda Mexico

Januari 1969 Garfunkel alikwenda Guaymas, Mexico, kuigiza kwenye filamu ya Catch-22 ya Mike Nichols. Simon naye alikuwa ameahidiwa nafasi kwenye filamu hiyo. Ikafutwa kabla ya kupiga picha. Kazi iliyotarajiwa kuisha mapema ikajivuta miezi na miezi. Mtunzi akabaki New York na nyimbo ambazo nusu ya sauti zake iko jangwani ikisubiri kuitwa mbele ya kamera.

"The Only Living Boy in New York" uliandikwa kutokana na hali hiyo, na unafunguka kwa kumtaja Tom. Mnamo 1957, wakiwa vijana wa shule, wawili hawa walitoa rekodi kwa jina la Tom na Jerry, na Tom alikuwa Garfunkel. Simon anamwambia Tom asiogope, aende akashike ndege yake. Kuna kitu hapa ambacho wachambuzi wengi hukipita haraka. Wimbo wa kulalamika kwamba mwenzio hayupo una sauti ya mwenzio ndani yake, tena nyingi. Garfunkel aliporudi, wawili hao waliingia ndani ya chemba ya mwangwi, kile chumba kitupu chenye kuta ngumu ambacho kwa kawaida huwekwa spika na maikrofoni bila mtu, wakaimba humo mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, mpaka wakawa kwaya. Kwaya yenyewe ni ya watu wawili tu. Sikiliza mwishoni: hakuna sauti inayotokea mahali maalumu, zote zinaelea. Hiyo ndiyo tofauti ya kuimba ndani ya mwangwi badala ya kuongezewa mwangwi baadaye; kuta hugusa kila sauti kabla haijafika kwenye maikrofoni, na konsonanti hulainika kiasi cha kupoteza pembe zake.

Kipande cha sebuleni

Wimbo ambao kweli watu walikuwa chumba kimoja, wakicheka, ni "Cecilia", na chumba chenyewe hakikuwa studio. Ilikuwa nyumba ya kupanga Los Angeles, majira ya joto ya 1969. Simon, Garfunkel, Eddie Simon mdogo wake Paul na rafiki mwingine walikuwa wakipiga mapaja na benchi la piano, huku mashine ya Sony ya nyumbani ikirekodi na kuongeza mwangwi wake yenyewe. Baadaye Simon akasikiliza na kupata kipande kizuri cha kama dakika 1 na sekunde 15.

Kipande hicho hakikutosha wimbo. Wakakinakili na kukiunganisha na chenyewe mpaka kikakaribia dakika tatu. Kazi hiyo hufanywa hivi: unasogeza utepe kwa mkono mbele ya kichwa cha mashine mpaka usikie mwanzo wa pigo, unatia alama kwa penseli, unakata kwa wembe kwa mshazari, unafanya vivyo hivyo kwenye nakala, unagandisha ncha mbili kwa utepe wa gundi upande wa nyuma. Mshazari una sababu. Ukikata wima, sauti moja inakoma na nyingine inaanza kwa ghafla, na unasikia tiki. Kwenye mshazari zinapishana kwa muda mfupi mno na sikio linadanganyika.

Kinachoharibika hapa ni mwendo. Watu wanaopiga mapaja sebuleni hawana mashine ya kuhesabu mapigo. Huongeza kasi wakifurahi. Mwisho wa kipande ukiwa na kasi kuliko mwanzo wake, kila unapofika kwenye kiungo wimbo unajikwaa. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuchagua mahali pa kukata ambapo mwendo wa kutoka na wa kuingia unakaribiana, na kufunika kiungo kwa vitu vingine. Na vitu viliwekwa kweli: vijiti vya ngoma vilivyoangushwa kwenye sakafu ya mbao, gitaa, na marimba ya zailofoni aliyopiga Simon ambaye hakujua kuipiga. Halee aliibana kwa kifaa cha kuzuia vilele vya sauti hadi noti zenyewe zikakosa maana, ikabaki milio ya kugonga. Ndiyo maana hakuna mtu aliyewahi kulalamika kwamba zailofoni ya "Cecilia" inakosea. Wimbo ulifika namba 4 Marekani, na msingi wake ni tepu ya nyumbani ambayo fundi mwingine yeyote wa kampuni kubwa angeikataa kwa kelele zake.

Sauti za Paris na shauri la Lima

"El Condor Pasa" una mfumo mwingine kabisa. Simon aliwasikia Los Incas, kundi la muziki wa Andes, jijini Paris mwaka 1965. Kiongozi wao, Jorge Milchberg, alikuwa na mpangilio wa wimbo huo, na kundi lilikuwa limekwisha kuurekodi. Simon hakuwaita studio. Aliichukua rekodi yao ilivyo, akaandika maneno ya Kiingereza, na sauti zikaimbwa juu yake.

Kuimba juu ya rekodi iliyokamilika kuna kifungo chake. Huwezi kushusha wimbo ukufae koo. Ukiharakisha tepu kwa asilimia 6 wimbo unapanda nusu-sauti moja, lakini mwendo nao unakimbia kwa asilimia hiyohiyo na zumari zinaanza kusikika kama za kitoto. Huwezi pia kuomba mpigaji asubiri mwimbaji apumue. Sauti ndiyo inayopinda kufuata ala, na ukisikiliza utaona namna mistari inavyokatika mahali ambapo zumari zimeacha nafasi.

Tatizo kubwa lilikuwa la karatasi. Lebo iliutaja muziki kuwa wa jadi ya Peru wa karne ya 18, mpangilio wa Milchberg, maneno ya Simon. Ukweli ni kwamba muziki huo uliandikwa na Daniel Alomía Robles, Mperu, kwa ajili ya mchezo wa jukwaani ulioonyeshwa Lima mwaka 1913, na mwaka 1933 aliusajili kwa hati miliki Marekani. Robles alifariki 1942. Mwanawe, mwongozaji filamu Armando Robles Godoy, alifungua shauri mwaka 1970, likaisha kwa maelewano. Yeye mwenyewe aliliona kama kutoelewana, akaamini kwamba Simon aliambiwa wimbo ni wa jadi na akasadiki. Jina la Robles likaingia kwenye orodha ya watunzi. Mwaka 2004 Peru iliutangaza wimbo huo kuwa urithi wa taifa.

Msomaji aliyewahi kufuatilia mabishano ya nani alitunga "Malaika" ataona ndugu wa jambo hili mara moja. Neno "jadi" kwenye lebo mara nyingi maana yake ni kwamba aliyeandika lebo hakuuliza.

Ubeti wa tatu

Na sasa wimbo wenyewe, "Bridge over Troubled Water". Simon aliutunga kwa gitaa, akiwa amejaa nyimbo za Injili za kundi la Swan Silvertones. Ni mstari wa mwimbaji wao Claude Jeter, wa kujitoa kuwa daraja juu ya maji ya kina, uliomkaa kichwani. Wimbo ulikuwa na beti mbili na ulikuwa kwenye ufunguo (noti ya msingi) wa G. Simon akataka Garfunkel auimbe. Garfunkel kwanza akakataa, akiona sauti nyembamba ya juu ya Simon inaufaa zaidi. Baadaye akakubali.

Kuutoa wimbo wa gitaa uwe wa piano ya kanisani si suala la kubadilisha ala tu. Gitaa hukwaruza mapigo yenyewe. Piano ya Injili hujaza nafasi kati ya maneno kwa mikono miwili, kila kiungo cha mstari kina njia yake ya kupita kutoka kodi (noti zinazopigwa pamoja) moja hadi nyingine. Mpiga piano Larry Knechtel alikaa siku nne Los Angeles akiutafutia njia hizo, na wimbo ukahamia ufunguo wa E bemoli. Kwa mpangilio huo alishiriki tuzo ya Grammy. Kisha Garfunkel na Halee wakaona beti mbili hazitoshi, wimbo unaishia kabla haujafika juu, wakamsukuma Simon aongeze wa tatu. Aliuandika palepale studio, na haukuwahi kumkaa vizuri. Alisema waziwazi kwamba haufanani na zile mbili za mwanzo. Msichana wa fedha anayetajwa humo ni Peggy Harper, mkewe wa wakati ule, aliyekuwa ameziona mvi zake za kwanza.

Hukumu ya sikio inampa Simon haki nusu. Maneno ya ubeti wa tatu ni ya mtu mwingine anayezungumza na mtu mwingine. Lakini muziki unauhitaji ubeti huo. Angalia namna uzito unavyopangwa. Ubeti wa kwanza ni piano na Garfunkel, basi. Wa pili vilevile kwa sehemu kubwa, na mwisho wake tu ndipo vitu vingine vinapoanza kujitokeza kwa mbali. Wa tatu ndipo Simon anapoingia na sauti ya pili, ngoma za Blaine zilizorekodiwa kwa chemba ya mwangwi zinapiga, na Joe Osborn anapiga besi mbili, moja ya juu na moja ya chini, kila moja kwenye traki yake. Fidla zinafunga. Wimbo wa karibu dakika 5 umetumia zaidi ya nusu ya muda wake kujizuia. Ukiuondoa ubeti wa tatu hakuna pa kuuachilia.

Karatasi ya mpangilio wa fidla, kazi ya Ernie Freeman, ilirudi na jina la wimbo limeandikwa "Like a Pitcher of Water", kama jagi la maji. Aliyeandika alisikia vibaya kwenye tepu ya majaribio. Simon aliitia fremu.

Muziki ukiwa tayari Los Angeles, sauti zilirekodiwa New York. Kwa hiyo hata hapa, kwenye wimbo ambao dunia inauona kuwa wa wawili, Garfunkel anaimba mbele ya piano ambayo mpigaji wake yuko pwani nyingine ya Marekani, na Simon anasubiri beti mbili nzima. Jukwaani ilikuwa hivyohivyo: Simon anakaa pembeni, Garfunkel na piano wanaimba, ukumbi unasimama kushangilia, na Simon, kama alivyokiri miaka michache baadaye, anajisemea moyoni kwamba ule ni wimbo wake.

Fedha zilikuwa zinamjibu kwa njia yake. Sheria ya Marekani wakati huo iliweka malipo ya mtunzi kuwa hadi senti 2 kwa wimbo kwa kila nakala iliyouzwa. Nakala milioni moja, dola 20,000 kwa wimbo. Nyimbo 9 kati ya 11 za albamu hii ni za Simon peke yake, na haki za uchapishaji alizimiliki kwa kampuni yake mwenyewe. Kwa kiwango kamili cha sheria, kila nakala milioni ziliingiza hadi dola 180,000 upande wa utunzi, na upande huo Garfunkel hakuwa na fungu. Yeye alikula kwenye uimbaji na uprodyuza. Mmoja alikuwa na makofi, mwingine karatasi, na kila mmoja aliona cha mwenzake.

Nyimbo zilizobaki, na ule usiokuwepo

"Keep the Customer Satisfied" ni uchovu wa safari uliovalishwa tarumbeta. "Baby Driver" ina magari ya mashindano ndani yake na haina zaidi. "Why Don't You Write Me" ni jaribio la rege lililopigwa na Wamarekani walioisikia rege kwenye santuri tu: mkazo uko mahali pake, lakini ngoma na besi haziachiani nafasi, zinakanyagana. Simon alilitambua kosa, na kwa "Mother and Child Reunion" ya 1972 akaenda Kingston, Jamaika, kuwafuata wenyewe.

"Bye Bye Love" ya Felice na Boudleaux Bryant, iliyowika kwa Everly Brothers mwaka 1957, imerekodiwa kwenye onyesho Ames, Iowa, kwa ajili ya makofi ya watu. Makofi ya ukumbi mkubwa yana ugumu wake: aliye mita 34 kutoka jukwaani husikia pigo baada ya sekunde 0.1, na kofi lake linahitaji sekunde 0.1 nyingine kurudi. Maelfu wakipiga pamoja, kofi linakuwa na upana, linachelewa na kutawanyika. Kwenye rekodi hii upana huo ndio uliotafutwa.

Ukigeuza santuri utaona kila upande umefungwa na wimbo wa sauti ya chini: "So Long, Frank Lloyd Wright" na "Song for the Asking", huu wa pili ukiimbwa na Simon peke yake. Mahali hapo panafaa nyimbo za namna hiyo. Santuri inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Sindano ikiwa ukingoni mfereji unapita kama sentimita 51 kwa sekunde, karibu na kitovu ni kama 21 tu. Mawimbi yaleyale yanabanwa kwenye nafasi ndogo, na wimbo wenye kelele na konsonanti kali huanza kukwaruza.

Albamu ilikusudiwa kuwa na nyimbo 12. Simon alitaka wa kumi na mbili uwe "Cuba Si, Nixon No". Garfunkel akakataa, akataka kwaya ya Bach. Simon akakataa. Wakaiacha na 11.

Hakuna tangazo lililotolewa. Julai 1970 waliimba Forest Hills, New York. Garfunkel akarudi kwenye filamu na Nichols, Simon akafundisha utunzi Chuo Kikuu cha New York, na mwaka 1972 albamu yake binafsi ikatoka. Wimbo mmoja mpya, "My Little Town", uliwakutanisha 1975. Baada ya onyesho la Central Park la Septemba 1981, lililojaza watu wanaokadiriwa kufika nusu milioni, waliingia studio kutengeneza albamu mpya ya wawili, jina lake Think Too Much. Garfunkel alirekodi sauti zake kwenye baadhi ya nyimbo. Simon akaamua kwamba nyimbo zile ni zake mno. Traki za Garfunkel ziliondolewa, na mwaka 1983 kazi hiyo ikatoka kwa jina la Hearts and Bones, na jina moja tu la msanii kwenye jalada.